Besi Inayovuta Pumzi

Jumatatu, 2 Desemba

Kaseti sita leo. Mbili zimeota ukungu. Nimezifuta kwa pamba na spiriti, taratibu, kama Mzee Harish alivyonionyesha. Moja imekubali kucheza. Nyingine imekataa.

Hii ndiyo kazi yangu tangu nimalize mtihani wa kidato cha nne. Natoa nyimbo kwenye kaseti za zamani, naziingiza kwenye kompyuta, halafu kwenye flashi ya mteja. Nakaa nyuma ya duka. Pazia linanitenga na wateja. Nalipenda pazia.

Mzee Harish anatengeneza redio hapa Igogo tangu mama yangu hajazaliwa. Anajua Kisukuma kuliko mimi. Mteja akija na maneno mengi anamjibu kwa Kisukuma, mteja anacheka, maneno yanapungua.

Mchana beliti ya deki ilikatika. Ni kile kipira chembamba kinachozungusha kaseti. Mzee Harish alikuwa na wateja watatu. Nikaona aibu kumwita. Nimechagua nyingine kwenye boksi la vipuri, inayofanana nayo. Deki inazunguka. Sijamwambia. Ni jambo dogo.

Alhamisi, 5 Desemba

Mvua. Wadudu wa ziwani wamejaa kwenye taa ya duka, nimefagia beseni zima.

Mama mmoja ameleta katoni la kaseti za marehemu baba yake. Alikuwa karani. Alikuwa akirekodi muziki kutoka redioni. Hakuna hata kaseti moja yenye jina. Mzee Harish amesema, karani mzima, maisha yote anaandika mambo ya watu wengine, ya kwake hakuandika.

Nimeanza kuziingiza. Sijui nyimbo hizi lakini nataka kujua. Hii ni hali mpya kwangu. Shuleni nilikuwa nasoma ili nisiulizwe.

Jumamosi, 7 Desemba

Leo imetokea kitu. Niandike kwa mpangilio.

Kila Jumamosi saa tisa alasiri Mzee Harish anafunga nusu ya mlango na Wasikilizaji wanaingia. Wamejipa jina hilo wenyewe. Wanapenda muziki wa dansi wa zamani, wa bendi zile zilizojiita Jazz. Mimi nawapigia nyimbo zisizo na majina, wao wanazitambua: bendi gani, nani anaimba, nani yuko kwenye gitaa, nani anapuliza. Wana sheria. Wimbo unapigwa mara moja bila mtu kufungua mdomo. Halafu kila mmoja anasema kwa zamu. Watatu wakikubaliana, jina linaandikwa kwa wino kwenye daftari kubwa. Wasipokubaliana, mstari unabaki mtupu. Kuandika "labda" ni marufuku.

Daftari analitunza Mzee Kulwa. Alikuwa fundi wa injini za meli. Anasema alikuwa akisikia kwamba meli inaumwa siku mbili kabla haijagoma. Mama Koku anauza vitenge. Yeye nyimbo hazitambui kwa masikio, anazitambua kwa miguu. Mwalimu Bwire alifundisha muziki chuo cha ualimu, na haamini kitu bila ushahidi. Wa nne ni Mzee Harish mwenyewe. Mimi sihesabiwi. Mimi ni wa deki.

Nimepiga wimbo kutoka kaseti ya karani. Katikati magitaa yakapungua ikaingia saksafoni. Sijawahi kusikia saksafoni nzito namna ile. Kama ng'ombe dume anayesimulia siri. Iliteremka, nikadhani imefika mwisho, ikateremka tena.

Mzee Kulwa alikuwa ameshika kikombe. Chai ikamwagika kwenye suruali yake na hakuona. Amevunja sheria, ameongea wimbo ukiwa haujaisha.

"Hiyo ni baritoni. Huyo ni Doto."

Doto ni pacha wake. Alifariki miaka minane iliyopita. Alipiga saksafoni ya baritoni, ile kubwa kabisa, kwenye bendi iliyoitwa Furu Jazz, kwa jina la samaki wadogo wa hapa ziwani. Mzee Kulwa anawaambia watu habari hizo miaka yote, lakini hakuna aliyewahi kupata kanda ya Furu Jazz. Wengine wanacheka pembeni kwamba Doto alikuwa akibeba vyombo tu.

Mama Koku akasimama. "Huu naujua! Barua kutoka Geita! Ni Furu hao hao!" Akaanza kucheza kati ya redio mbovu. Halafu akasimama, amekunja uso. Miguu inagongana, akasema. Waliucheza haraka kuliko hivi.

"Wimbo haujazeeka, Mama Koku," akasema Mzee Harish. "Miguu ndiyo imezeeka."

"Miguu yako wewe, Harish. Yangu bado inachumbiwa."

Mwalimu Bwire hakucheka. Amesema inaweza kuwa saksafoni ya teno, ndogo kuliko baritoni. Na hata kama ni baritoni, ile ya Furu Jazz ilipigwa na watu wawili kwa kupokezana. Doto, na mtu mmoja wa Musoma ambaye jina lake limesahaulika.

Mzee Kulwa amejibu kwa ukali. Yule wa Musoma alijua kushikilia sauti za chini tu, bum, bum, nyuma ya wenzake. "Solo kama hii? Yule angeenda kwanza kuomba ruhusa kwa mkewe."

Mstari umebaki mtupu mpaka wiki ijayo. Mwalimu ataleta kinanda.

Nimetafuta picha kwenye simu. Baritoni ina shingo iliyojikunja kama bomba la sinki. Mtu anaining'iniza shingoni na inamfikia magotini. Nimeiangalia muda mrefu.

Jumatatu, 9 Desemba

Nimesikiliza Barua kutoka Geita mara kumi na moja kwa hedifoni. Wazee wanasikiliza kwa spika ya duka, na ile spika inakoroma. Kwenye hedifoni mambo ni mengi.

Besi inanisumbua. Gitaa la besi halichoki, likianza linakwenda mpaka mwisho. Hii inanyamaza kidogo kila baada ya mistari miwili. Kama mtu anayepanda mlima wa Bugando na kusimama.

Kabla ya ubeti wa mwisho vyombo vyote vinasimama. Kimya. Halafu pana sauti ndogo, shhh, kisha vyote vinaingia. Kwenye karatasi ya kazi nimeandika: hitilafu ya kanda.

Nilitaka kumwuliza Mwalimu kuhusu besi. Najua sitamwuliza.

Jumamosi, 14 Desemba

Mwalimu Bwire amekuja na kinanda kidogo cha kanisani. Nimemrudishia solo mara nyingi. Ametafuta ile sauti ya chini kuliko zote, kitufe kwa kitufe, mpaka akaipata. Amebonyeza mara tatu. Amevua miwani.

"Teno haifiki hapa," akasema. "Hata uichape viboko, haifiki. Hii ni baritoni."

Wote wanne wamekubali, maana yule wa Musoma hakupiga solo. Mzee Kulwa aliandika kwa wino. Mkono wake umekuwa mgumu kwa uzee, ameandika polepole sana. Saksafoni ya baritoni, solo: Doto. Akafunga daftari, akalifungua tena kuangalia kama jina bado lipo.

Tarehe tano Januari kuna misa ya kumbukumbu ya Doto kwao Kisesa, upande wa Bujora. Watu wa ukoo watakuja wote. Kaburi litawekewa jiwe la marumaru. Mzee Kulwa anataka jiwe liandikwe kwamba sauti ya Doto ipo kwenye wimbo huu. Na wimbo upigwe pale nyumbani, wale waliocheka wasikie.

Nilifurahi kama vile Doto ni wangu. Nimetembea mpaka ziwani badala ya kwenda moja kwa moja nyumbani. Kulikuwa na wanawake wanaanua dagaa kwa sababu ya mawingu. Nimewasaidia bila kusema neno. Hawakuniuliza mimi ni nani.

Jumatatu, 16 Desemba

Nilitaka kumfurahisha bibi mapema kabla ya Krismasi. Ana kaseti moja ya babu. Babu alifanya kazi Bukoba, na kwa kuwa bibi hakujua kusoma, alimrekodia barua kwa sauti. Redio ya bibi iliharibika nikiwa mdogo. Wiki iliyopita niliingiza kaseti ile kwenye simu.

Leo nimemwekea. Alikaa kwenye kigoda, mkono shavuni. Amesikiliza kidogo tu.

"Huyu si babu yako."

Nikamwambia ni yeye, kaseti ni ile ile.

"Babu yako sauti yake ilikuwa nyembamba. Kwenye kwaya walimpanga na akina mama. Huyu ni dume gani umemleta nyumbani kwangu?"

Amekasirika kweli. Ameenda kuchambua mchele nje.

Nimeisikiliza tena peke yangu. Mtu wa kwenye simu anamtaja bibi kwa jina. Anauliza kuhusu ng'ombe mwenye baka. Sauti yake ni nene, na maneno yanakuja kwa kuburuta, kama ya mtu aliyeamshwa.

Nina wazo baya.

Jumanne, 17 Desemba

Nimepima.

Kaseti ya karani imeandikwa dakika sitini. Maana yake thelathini kila upande. Upande niliouingiza una dakika thelathini na nne. Nimeangalia nyingine. Thelathini na nne. Kaseti ya bibi, hivyo hivyo.

Kisha nimefungua kazi za wiki yangu ya kwanza, kabla ya tarehe mbili. Thelathini. Thelathini. Thelathini na sekunde kidogo.

Ni beliti. Tangu nilipoiweka, deki inakwenda polepole. Kitu kikienda polepole sauti inashuka. Babu amekuwa dume. Na teno imekuwa baritoni.

Kinanda cha Mwalimu hakikukosea. Miguu ya Mama Koku haikukosea. Nimekosea mimi.

Jumatano, 18 Desemba

Sijamwambia mtu. Mimi ni mwoga.

Mzee Kulwa amepita dukani asubuhi na karatasi. Mwandiko wake umeharibika kwa sababu ya mkono, akaniomba niandike vizuri maneno ya jiwe ili fundi wa marumaru asikosee. Nilisimama, nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu. Andika kama unavyoandika shuleni."

Nimeandika. DOTO. MPIGA SAKSAFONI YA BARITONI. SAUTI YAKE IPO KWENYE BARUA KUTOKA GEITA.

Nilijua na nikaandika. Mstari mzuri, herufi zimenyooka. Fundi anaanza kuchonga Jumatatu. Mzee Kulwa aliniambia Mungu anibariki.



Alhamisi, 19 Desemba

Nimemwambia Mzee Harish. Nilisubiri duka liwe tupu, na lilipokuwa tupu nikasubiri tena. Mwishowe nilisema yote kwa pamoja nikiangalia sakafu.

Alichukua bisibisi, akafungua deki, akatoa beliti yangu na kuivuta kwa vidole viwili.

"Hii ya redio ya gari. Imelegea kama suruali ya kuazima. Kwa nini hukuniita?"

"Ulikuwa na wateja."

"Minza. Mimi nina wateja tangu nilipoota ndevu. Siku wasipokuwepo nitakuwa nimekufa, na hapo ndipo utaniita?"

Nikalia. Alinipa kitambaa cha kufutia deki, kilikuwa na harufu ya spiriti.

Halafu amesema Jumamosi nitawaambia mwenyewe. Yeye atakaa mlangoni. Sikuuliza kama ni kwa ajili ya kunilinda au kunizuia nisikimbie.

Ijumaa, 20 Desemba

Beliti mpya, ya deki hii hii. Kila upande dakika thelathini.

Nimeanza na babu. Sauti nyembamba, ya haraka, inakaribia kucheka. Nimempelekea bibi. Alifunika mdomo kwa khanga. Akasema, "Ee, huyo. Huyo sasa." Ameomba irudiwe mpaka simu ikaisha chaji.

Kisha Barua kutoka Geita. Ng'ombe dume ameondoka. Ni teno, nzuri, ya kijana, inapanda na kushuka kwa furaha. Ni wimbo wa kuchezwa kumbe. Nimeuchukia.

Jumamosi, 21 Desemba

Nilitoka nyuma ya pazia. Nimesimama mbele yao na kusema nilibadilisha beliti bila kuuliza, na kwamba wimbo waliouandika kwa wino ulikuwa unakwenda polepole. Sauti yangu ilikuwa ndogo. Mama Koku akasema, "Paza, binti, hatukung'ati." Nikarudia kwa sauti kubwa, na hiyo ikawa mbaya zaidi.

Nikawapigia. Mara moja, bila mtu kusema neno.

Mwalimu Bwire alibonyeza kinanda. Kile kitufe cha siku ile hakikulingana tena. Kilicholingana kilikuwa juu yake. "Teno," akasema taratibu. "Amefika ghorofa yake ya chini kabisa, lakini ni teno." Mama Koku alikuwa amekaa, miguu yake inacheza yenyewe chini ya kiti na inapatana na wimbo. Alipoona namwangalia akaisimamisha.

Mzee Kulwa aliomba kalamu. Akafungua daftari, akakata jina la Doto kwa mstari mmoja.

"Nilisikia," akasema. "Siku ile ile. Ngoma zilikuwa zimechoka, kama injini iliyotiwa mafuta machafu. Nikajiambia ni masikio yangu. Fundi mzima."

Akampigia simu mtu wa marumaru, akamwambia asubiri. Akaondoka. Ameacha mwavuli na mvua ilikuwa inanyesha.

Hakunilaumu. Ingekuwa nafuu angenilaumu.

Jumatatu, 23 Desemba

Nimevaa hedifoni nirekebishe nyimbo nyingine za karani. Nikajikuta nipo kwenye Barua kutoka Geita.

Sasa besi inasikika. Zamani ilikuwa matope, kwa sababu ilikuwa imeshuka mno. Sasa ina kingo. Haina mlio wa kidole kwenye uzi. Inaanza kwa kupulizwa. Na kule kunyamaza kila baada ya mistari miwili si kuchoka.

Inavuta pumzi.

Gitaa halivuti pumzi. Besi ya wimbo huu si gitaa. Ni saksafoni nyingine, kubwa kuliko ile ya solo, iko chini kabisa, nyuma ya wote. Bum, bum. Baritoni ilikuwepo muda wote. Tulikuwa tunaangalia mahali pengine.

Na ile hitilafu ya kanda kabla ya ubeti wa mwisho si hitilafu. Vyombo vyote vimesimama, na mtu mmoja anavuta hewa kabla ya kuingia. Kwenye mwendo sahihi si shhh tena. Ina mluzi mdogo ndani yake.

Nilisimama. Nikakaa. Nikaita, "Mzee Harish!" Alikuwa na wateja wanne. Amekuja.

Jumanne, 24 Desemba

Nimempelekea Mzee Kulwa mwavuli wake. Sijawahi kwenda nyumbani kwa mtu mzima peke yangu. Anakaa juu kwenye mawe, ziwa lote linaonekana na meli zikiwa bandarini. Nilibisha hodi kidogo sana, ikabidi nibishe tena.

Nikamwamkia. Akaitikia, akanipa kiti. Nikamwambia kuna kitu, lakini sijui ni kitu gani. Nikamvalisha hedifoni. Alizishika kwa mikono miwili kama anazuia kofia isipeperuke.

Sikumwambia asikilize wapi. Nilitaka aone mwenyewe.

Ulipofika ule mluzi uso wake ulibadilika. Ameomba tena. Akaomba tena.

Amesema Doto alivunjika jino la mbele utotoni, ndama alimpiga kwato. Tangu hapo alivuta hewa kwa mluzi. Baba yao aliwapa kitanda kimoja mpaka wakawa vijana. "Nimelala kando ya pumzi hii. Nilikuwa nampiga teke anyamaze."

Akavua hedifoni. Akasema, kama anajisemea, "Kwa hiyo ni yeye aliyekuwa bum bum."

Jumatano, 25 Desemba

Kanisa limejaa. Pilau. Bibi amewawekea wageni sauti ya babu baada ya chakula, na shangazi wakacheka mpaka wakalia.

Nafikiria ule mluzi.

Jumamosi, 28 Desemba

Leo Wasikilizaji wamesikiliza kwa hedifoni, mmoja mmoja. Imechukua muda mrefu. Mwalimu Bwire amekubali mara moja kwamba besi ni baritoni. Amesema anaona aibu, miaka yote hiyo ya kufundisha. Wote wamekubali chombo. Kimeandikwa kwa wino.

Ikabaki kuandika nani.

Mzee Kulwa alisema yeye ni ndugu, neno lake lisihesabiwe. Mama Koku akasema ni Doto, anamkumbuka, na lile jino analikumbuka sana, na tusimwulize kwa nini. Mzee Harish akasema ni Doto. Mwalimu Bwire akasema hapana. "Kulwa, wewe mwenyewe ulituambia. Wa kushikilia sauti za chini alikuwa yule wa Musoma. Na pumzi ya mtu kwenye kanda ya redio, mimi siwezi kuiwekea wino."

Wawili kwa mmoja. Anahitajika wa tatu.

Mzee Kulwa akasema kuna msikilizaji mwingine humu ndani. Wote wakageuka kuelekea kwenye pazia.

Nilitaka sana kusema ndiyo. Niandike hivyo hapa ili nisijidanganye baadaye. Neno moja tu, na jina lingerudi. Nadhani ni yeye. Usiku na mchana nadhani ni yeye. Lakini mimi sikuwahi kumsikia Doto akipumua. Nilichosikia ni mluzi, na jino nimelisikia kwa kaka yake.

Nikasema, "Najua ni baritoni. Sijui ni nani."

Mama Koku alishusha pumzi kwa nguvu. Nilifikiri Mzee Kulwa ataondoka tena. Alichukua rula, akapiga mstari mnyoofu mbele ya neno baritoni, mrefu wa kutosha jina la mtu, akauacha mtupu. Akafunga daftari.

Halafu akaniuliza kama najua kuandika sehemu ya tarehe vizuri, maana kuanzia sasa mkono wake unamsumbua na daftari linahitaji mwandishi.

Jumapili, 5 Januari

Kisesa. Tumekwenda na gari la Mzee Harish, na spika nzuri, si ile inayokoroma.

Misa, kisha kaburini. Jiwe limeandikwa: DOTO. MPIGA SAKSAFONI YA BARITONI. FURU JAZZ. Hakuna wimbo. Kila neno la jiwe ni kweli. Herufi ni zangu, fundi amezifuata.

Baada ya chakula Mzee Kulwa aliwaambia ndugu zake kwamba watasikia bendi ya Doto. Kwamba chini kabisa kuna saksafoni kubwa. Kwamba Wasikilizaji hawajui nani anaipiga, na yeye anajua. Basi. Hakuna aliyecheka.

Nikapiga. Mwendo sahihi. Mama Koku alikuwa wa kwanza kuinuka, akamvuta Mwalimu Bwire, ambaye hajui kabisa kucheza. Watoto wakaingia. Vumbi.

Mzee Kulwa hakucheza. Alikuwa amekaa karibu na spika, karibu nami, fimbo kati ya magoti, macho yamefumbwa.

Kabla ya ubeti wa mwisho vyombo vyote vikanyamaza. Wachezaji wakasimama pale walipo.

Mzee Kulwa akavuta pumzi.